Mikono Yenye Adabu

Mzee Gwandu alianguka katikati ya ua wa kukamulia alizeti, mbele ya mashine yake mwenyewe, akiwa anamfokea fundi kuhusu mkanda uliolegea. Neno lilimkatikia mdomoni, akalala chali juu ya mashudu. Gari la dharura lilipofika, mashine ilikuwa bado inanguruma. Katika watu wote waliojaa pale uani, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuizima.

"Zimeni hilo dude!" alifoka Eliamani, akishuka na begi lake. "Na mtupishe, jamani, hapa si harusini!"

Akapiga magoti. Alikuwa mama mtu mzima, vifundo vya mikono yake vimevimba kwa baridi yabisi, na kama si zile glavu za kijivu zilizompanda hadi viwikoni, angekuwa amestaafu zamani, yuko nyumbani anachambua mchele.

"Shikamoo, baba. Baba Gwandu, unanisikia?"

Kabla hajafanya lolote jingine, glavu zilimwongoza. Ziliupokea mkono wa kulia wa mzee, zikaufunika kwa viganja viwili, zikaubana kidogo na kuinama nao, vile anavyofanya mtoto aliyelelewa akimwamkia mkubwa wake. Kisha zikampandia mabegani zikamtikisa. Kimya. Zikagusa shingo kutafuta mapigo ya moyo. Hapakuwa na pigo.

Eliamani alimwinamisha mzee kichwa nyuma, akaunyanyua mfupa wa kidevu kwa vidole viwili ili ulimi usizibe njia ya hewa. Mdomoni palikuwa na bonge la kashata iliyotafunwa nusu, na meno ya bandia ya juu yamechomoka yamelala kooni. Aliyatoa yote, akamkabidhi binti wa mzee yale meno bila hata kumtazama usoni. Hapo mzee akatoa mkoromo mmoja mzito.

"Anapumua!" yule binti alipiga kelele. "Baba anakoroma, jamani, anapumua!"

"Hapumui, mdogo wangu. Pole. Huko si kupumua." Eliamani alikuwa ameshaweka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. "Ntandu, hewa!"

Dereva wake, Ntandu, alikuwa tayari kichwani pa mgonjwa na barakoa na puto la kupulizia. Eliamani akaanza kubonyeza huku akihesabu kwa sauti, na mikono ikamchukua. Ndivyo walivyoziita pale kituoni, mikono, hakuna aliyesema glavu. Ndani yake yalihifadhiwa mazoea yote ya mhudumu mmoja hodari: mwendo wake, uzito wake, namna alivyoachia kifua kirudi juu kabla ya kukibonyeza tena. Kuanzia Manyoni hadi Iramba, kila mhudumu wa dharura alivaa mikono ya mtu mmoja, naye alikuwa Tunukiwa, mtoto pekee wa Eliamani, aliyefariki mwaka juzi barabarani ambako hapakuwa na mtu wa kumbonyeza yeye kifua.

Thelathini. Ntandu akapuliza mara mbili, kifua kikapanda na kushuka. Wakarudia. Mashine ya kushtua moyo ilisikiliza, ikasema hakuna cha kushtua, endeleeni.

Kwenye kifundo cha glavu kulikuwa na taa ndogo. Kifua kikizama vya kutosha, huwa ya kijani. Kisipozama, ya njano. Tangu walipoanza, taa ya Eliamani ilikuwa ya njano.

Aliiona. Alikuwa ameiona njano hiyo mara nyingi kwa wazee, na kila mara alijiambia kile walichoambiana wote pale kituoni, kwamba vifua vya wazee ni vigumu. Lakini safari hii aliegemea kwa mwili mzima, akaweka kiuno, akaweka mgongo, na hapo akahisi kitu kilichomsimamisha nywele za shingo. Kifua kilikuwa tayari kushuka. Ni mikono iliyomzuia. Ilimshikilia juu, taratibu, kwa huruma, kana kwamba kuna mtu chini yake amelala na hapaswi kuamshwa.

"Shuka," alinong'ona. "Shuka, mwanangu, nakuomba."

Haikushuka. Alipochoka walipokezana na Ntandu, naye alikuwa amevaa jozi yake ya mikono ya Tunukiwa, na taa yake nayo ikawa njano.

Mzee Gwandu alifia pale pale juu ya mashudu yake. Kilichomuumiza Eliamani kuliko kifo chenyewe kilikuja baadaye, wakati wanakusanya vifaa. Binti wa marehemu, meno ya baba yake bado ameyafumbata, alimfuata hadi garini akamshika bega.

"Asanteni," alisema huku machozi yakimtiririka. "Nilikuwa naogopa mtamkanyagakanyaga kifua mzee wa watu. Lakini mmemshika kwa heshima, mama. Mungu awabariki. Mmemshika kwa heshima mpaka mwisho."

Eliamani aliweka begi lake ndani. Alipanda garini akafunga mlango.

*

Walipita chini ya mlima wenye mapangaboi makubwa ya kuzalisha umeme kwa upepo bila kuzungumza. Ntandu alikuwa kijana mwenye domo, mtu wa kutania hata mbuzi waliolala barabarani, na ukimya wake ulimtisha Eliamani kuliko maneno.

"Sema," alimwambia.

"Sina la kusema, Mama Tunu."

Ndivyo walivyomwita bado. Mtoto alikuwa ameondoka, jina limebaki kwa mama yake, na kila aliyelitaja alimchoma bila kujua.

"Ntandu. Umeona nini pale?"

Akabadilisha gia. "Nimeona taa. Na yule dada aliyezama bwawani wiki iliyopita, taa yake ilikuwa kijani mwanzo mwisho, si unakumbuka? Mpaka akatapika maji akaanza kutukana." Akatabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Kwa wazee ni njano. Kila mara. Tunasema vifua vyao vigumu, lakini mama, mimi leo nilihisi kifua cha yule mzee. Hakikuwa kigumu."

"Mikono ilikuzuia."

"Ilinizuia."

Eliamani alizitazama glavu mapajani mwake. Alizipenda. Tuseme ukweli: kuna siku alizivaa nyumbani bila kazi yoyote, akajishika mashavu. Mtu ambaye hajazika mtoto atamcheka, acha acheke.

"Zinaweza kurekebishwa?" aliuliza. "Wakatoa hicho kizuizi tu, yeye wakamwacha?"

"Niliwahi kuwauliza mafundi wa hizi glavu jambo kama hilo. Mikono haikatwi vipande, walisema. Ama yumo mzima, ama hayumo. Wakiifuta wanaweka ile ya kiwandani." Ntandu alipunguza mwendo. "Na kuifuta haiwezekani bila idhini ya mrithi. Mrithi ni wewe. Ukikataa, haifutwi. Ukikubali, inafutwa kote, na watauliza kwa nini, na itabidi useme." Akasita. "Mimi sijaona kitu, Mama Tunu. Ukitaka sijaona, sijaona. Wale ni wazee, watu watasema ni umri."

"Nyamaza, Ntandu."

"Nimenyamaza."

"Pitia kituoni uchukue sanamu la mazoezi. Tunakwenda kwangu."

*

Bibi Raheli, mama yake Eliamani, alikuwa kibarazani akipepeta ulezi. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yalikuwa mazima, na alijua mlio wa gari lile kuliko mlio wa kuku wake.

"Mume wangu kaja!" aliita aliposikia hatua za Ntandu. "Umeniletea nini leo? Maana juzi uliniletea porojo."

"Shikamoo, bibi. Leo nimekuletea mke mwenzio," Ntandu alisema, akilaza lile sanamu la mpira kwenye mkeka.

"Marahaba. Mbona hata salamu hana?"

Bibi aliweka ungo chini na kunyoosha mkono wa kulia mbele yake. Ilikuwa desturi ya nyumba ile. Eliamani akitoka kazini hakuvua mikono hadi imwamkie bibi. Na mikono, ikikutana na ngozi ya mtu mzima, haikuhitaji kuamrishwa. Iliupokea mkono ule mkavu, ikaufunika, ikaubana kidogo, ikainama nao.

"Marahaba, Tunu," bibi aliitikia, na uso wake ukalainika. "Marahaba, mke mwenzangu. Hujambo huko uliko?"

Eliamani aligeuza uso pembeni. Alikuwa anakuja kumvunja moyo mama yake kwenye mkeka wake mwenyewe, na hakujua njia ya kulifanya jambo hilo polepole.

"Mama, nitakugusa shingo. Usishtuke."

Mikono ilimjua mgonjwa, kama ni mzee au kijana, kwa kumgusa shingo, ikashika hilo hadi iguse shingo nyingine. Eliamani aligusa shingo ya Ntandu kwanza, akalivamia sanamu na kubonyeza. Kifua cha mpira kilizama vizuri. Kijani. Kisha akagusa shingo ya bibi, ngozi laini iliyolegea, akarudi kwenye sanamu lile lile. Akabonyeza. Mikono ikashuka kidogo tu, ikasimama. Njano. Akabonyeza kwa nguvu zake zote hadi jasho likamtoka na vifundo vikamuuma. Njano. Akagusa tena shingo ya Ntandu. Kijani.

"Basi, mama," Ntandu alisema kwa sauti ya chini. "Inatosha."

"Nyie mnafanya nini hapo?" bibi aliuliza. "Eliamani, unalia nini?"

Ikabidi amwambie. Alimwambia yote, ua wa alizeti, meno, taa, na wazee wengine wa kabla yake ambao sasa nyuso zao zilikuwa zinamjia mmoja mmoja. Alimwambia kwamba mjukuu wake, yule binti ambaye mji mzima ulimlilia, aliacha mikono inayoogopa wazee.

"Mwongo!" bibi aliruka kwa ukali. "Tunu hakumwogopa mtu! Mimi nilidondoka hapa hapa, jikoni pale, nikafa. Nani alinirudisha? Ni wewe? Wewe ulikuwa unapiga mayowe! Ni yeye, na hata hiyo kazi alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Alinibonyeza mpaka akanivunja mbavu. Leo unakuja kuniambia..."

Bibi aliweka kiganja ubavuni mwake, mahali ambapo mfupa uliunga vibaya na kuacha kinundu. Akakipapasa kwa ncha za vidole.

"Ewe Mungu wangu," alisema hatimaye.

"Mama?"

"Nilikuwa namtania." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Kila akija. 'Mke mwenzangu, ulinivunja mbavu makusudi ubaki na babu yako peke yako.' Kila akija, Eliamani. Nikikohoa namwambia, ona ulivyonifanya. Nikiinuka najishika ubavu, nalia uongo. Naye anacheka, anasema, nisamehe bibi, sirudii tena." Akazitafuta glavu kwa kupapasa, akazishika. "Anacheka kabisa. Mimi nikajua tunacheka."

Ntandu aliinama akaanza kulikunja sanamu, ingawa hakuna aliyemwomba alikunje.

"Ni utani wa bibi na mjukuu, mama," Eliamani alisema. "Kila mtu anatania. Hujafanya kosa."

"Mdomo wake ulicheka. Mikono haikucheka." Bibi alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifuta. "Aliogopa kuvunja mzee mwingine. Mtoto alinirudisha duniani, na mimi kila siku namlipa kwa kumwambia ameniumiza. Sikumwambia hata mara moja kwamba nafurahi kupumua."

Eliamani alitaka kumkumbatia, lakini mikono ilikuwa imeshikwa na bibi, na yenyewe ilikuwa imemshika bibi, na hakuwa na moyo wa kuinyofoa.

*

Asubuhi alipiga simu kwa mkuu wake wa kazi na kusema yote. Mkuu alimtaka arudie tena polepole. Kisha akasema kwamba suala la wazee lisubiri hadi kikao cha mwezi ujao, kwamba pengine taa zina hitilafu, kwamba jina la Tunukiwa limeandikwa ukutani pale kituoni na watu watalisema vibaya. Alikuwa mtu mwema, naye alikuwa anampa Eliamani mlango wa kutokea. Kusema kweli, Eliamani aliutazama mlango huo. Mwezi mmoja. Mwezi mzima wa kuamkiana na mwanawe kila akitoka kazini, na hakuna mtu duniani angemlaumu.

Halafu akamfikiria yule binti wa Mzee Gwandu akimshukuru.

"Leo," alisema. "Mimi ndiye mrithi. Nasema leo."

Mafundi walimweleza kwa simu namna ya kufanya. Lazima mrithi azivae, maana mikono haifutiki bila mkono hai ndani yake, na lazima aseme mwenyewe kwa sauti kwamba ameridhia. Ungeanza mkono wa kushoto, umalizie wa kulia, na glavu zote za mkoa zingefuata.

Alifanyia nyumbani, kibarazani. Bibi alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani, kama mtu anayekwenda kuaga marehemu. Ntandu alisimama uani, kofia mkononi.

"Ngoja kwanza," bibi alisema. "Nipe."

Mikono ilimwamkia. Bibi hakuitikia. Aliivuta, akaifungua kanga kidogo, akaiweka ubavuni mwake, juu kabisa ya kile kinundu, akaikandamiza pale kwa viganja vyake viwili.

"Sikia, Tunu. Hapa ndipo uliponivunja. Unasikia mfupa? Ndio huo. Na chini yake kuna pumzi, inapanda, inashuka. Hiyo pumzi umenipa wewe. Haikuuma, mjukuu wangu. Iliuma kidogo tu. Nilikuwa nadeka."

Mikono ilitulia pale ubavuni, ikipanda na kushuka na pumzi ya mzee. Eliamani alijua kwamba haisikii. Ilikuwa imeacha kujifunza siku ile mwenyewe alipozikwa. Chochote ambacho Tunu hakuambiwa akiwa hai kilikuwa kimechelewa, na wote watatu pale walilijua hilo.

"Haya," bibi alisema, akimwachia. "Fanya."

"Mimi, Eliamani, mama yake Tunukiwa," alianza, akamtazama mama yake. Akaanza upya. "Mimi, mama yake Tunukiwa, nimeridhia."

Mkono wa kushoto ukaanza. Alidhani pangekuwa na mlio, au maumivu. Hapakuwa na kitu. Kidole gumba kikawa chake tu, kikaanza kuuma kwa baridi yabisi. Kisha kingine, na kingine, maumivu yake ya zamani yakirudi mahali pake moja moja, hadi mkono mzima ukawa wa mama mtu mzima aliyevaa glavu.

"Wa kulia bado?" bibi aliuliza.

"Bado, mama."

Bibi alinyoosha mkono wake mbele. Wa kulia, ukiwa peke yake sasa, ukaupokea. Haukuwa na mwenzake wa kuufunika, lakini ulijitahidi. Ulibana kidogo, ukainama, na katikati ya kuinama ukasimama.

"Marahaba, Tunu," bibi alisema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Eliamani alikuwa ameshahisi. Mkono uliokuwa mkononi mwa mama yake ulikuwa wake mwenyewe. Angeweza kusema. Badala yake, polepole, kwa vidole vyake vilivyouma, alikamilisha kule kuinama kama alivyokuona mara zote, hadi chini, akakaa hivyo huku bibi akiendelea kuitikia.

Redio ya gari ililia. Ntandu akaikimbilia, akarudi na uso umembadilika.

"Mama Tunu. Wanatuita Unyankindi. Mwanamke mzee, ameanguka kando ya kisima, hapumui."

Aliinuka. Njiani alisali bila maneno. Walimkuta bibi mmoja mwembamba amelazwa chini ya mnara wa tangi la kisima, wajukuu wake wamemzunguka. Glavu hazikufanya lolote. Zilisubiri ziambiwe.

"Shikamoo, mama," Eliamani alisema kwa mdomo wake, akaupokea yeye mwenyewe mkono wa yule mzee, mara moja, upesi, akauweka chini. Shingo. Kichwa nyuma, kidevu juu, mdomo mtupu. Pumzi hakuna. Viganja katikati ya kifua. Akashuka kwa uzito wake wote, na safari hii hakuna aliyemzuia. Taa ikawa kijani. Kwenye kubonyeza kwa pili ubavu ulivunjika chini ya mikono yake, ka, sauti kavu iliyosikika hadi kwa wajukuu, na mmoja wao akapiga ukelele.

"Mtaniwia radhi," Eliamani alisema, machozi yakimdondokea mzee kifuani, na hakupunguza mwendo. "Mtaniwia radhi, wanangu. Tatu na nne na tano. Akiamka, msimtanie mtu kwa hili."